Kutoka Uuguzi hadi Udaktari: Mwongozo kwa Muuguzi wa Babati

Kama unafanya kazi ya uuguzi katika Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Manyara, Mrara, Dareda au kwenye zahanati yoyote ya vijiji vinavyoizunguka Babati, na umeweka nia ya kuwa daktari, mwongozo huu ni wako. Nia yako ni njema na mkoa unaihitaji. Kuna wagonjwa wa Kiteto, Simanjiro na Hanang wanaosafiri saa nyingi kabla ya kuonana na daktari, na daktari aliyewahi kushika zamu za usiku wodini, anayejua kuongea na bibi wa Kiiraqw au mfugaji wa Kibarbaig bila kumtisha, ni hazina. Lakini nia ina masharti yake. Ukiyajua mapema utaokoa miaka. Ukiyajua umechelewa, utajikuta umelipa ada na kuomba ruhusa kwa ajili ya kozi isiyokufikisha ulikotaka kwenda.

Jambo la kwanza: uuguzi na udaktari ni ngazi mbili tofauti

Wengi wetu tumezoea kuona hospitali kama ngazi moja: mhudumu chini, muuguzi katikati, daktari juu. Mfumo wa elimu ya Tanzania hauendi hivyo. Uuguzi una ngazi yake kamili, kuanzia cheti, stashahada, shahada na uzamili hadi uzamivu, na msimamizi wake ni Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania. Udaktari una ngazi yake, na msimamizi wake ni Baraza la Madaktari Tanganyika. Ukiwa na Stashahada ya Uuguzi na Ukunga, mlango unaofunguka mbele yako ni Shahada ya Uuguzi. Mlango wa Shahada ya Udaktari haufunguliwi na stashahada hiyo, hata kama una ufaulu wa juu na miaka kumi ya kazi.

Kitabu cha mwongozo wa udahili kinachotolewa na Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, TCU, kimekuwa kikitambua makundi mawili ya waombaji wa udaktari: waliofaulu kidato cha sita kwa tahasusi ya Fizikia, Kemia na Biolojia (PCB), na wenye Stashahada ya Utabibu, yaani ile inayosomwa na matabibu wanaowaona wagonjwa katika zahanati na vituo vya afya. Kinachoamua njia yako, basi, ni matokeo yako ya sekondari. Uzoefu wa wodini utakufaa sana baadaye, ila kwenye dirisha la udahili hauhesabiwi.

Kabla hujaendelea, jiulize kwa dhati kwa nini unataka kuhama. Kama kinachokuchosha ni kudharauliwa, mshahara mdogo au rosta isiyo na huruma, fahamu kwamba daktari naye ana rosta yake ngumu, na kwamba kwenye uuguzi kuna nafasi za kupanda zinazohitaji miaka michache zaidi. Lakini kama kila unapompokea mgonjwa akili yako inakimbilia kwenye chanzo cha ugonjwa, kama unatamani kuwa mtu wa kuamua dawa ipi au upasuaji upi, na uko tayari kulibeba jukumu la uamuzi huo pale utakapokosea, basi endelea kusoma.

Weka vyeti mezani

Toa cheti chako cha kidato cha nne, na cha kidato cha sita kama unacho. Kisha ujipime kwenye moja ya hali hizi tatu.

*Hali ya kwanza: ulisoma PCB na ukafaulu.* Sharti la msingi la udaktari ni ufaulu wa masomo yote matatu, Fizikia, Kemia na Biolojia, kwa jumla ya pointi zisizopungua 6. Kwa hesabu ya sasa, A ni pointi 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2 na E ni 1, hivyo D tatu zinakufikisha kwenye kiwango hicho. Hicho ni kiwango cha chini tu. Ushindani katika Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili, KCMC au Bugando ni mkali, na wanaochukuliwa huwa na alama za juu zaidi. Ukiwa na pointi za kutosha, huna sababu ya kusoma stashahada nyingine. Unaomba moja kwa moja.

*Hali ya pili: hukusoma kidato cha sita, au ulisoma na PCB ikakuangusha, lakini kidato cha nne una angalau masomo matatu kwa daraja C.* Unaweza kufanya mtihani wa kidato cha sita kama mtahiniwa wa kujitegemea chini ya Baraza la Mitihani, NECTA. Kwa asiye na PCB ya kutosha, hii ndiyo njia fupi, na ndiyo inayodai nidhamu kubwa kuliko zote, kwa sababu utakuwa unasoma Fizikia ya kidato cha tano na sita huku ukishika zamu.

*Hali ya tatu: una ufaulu wa kawaida wa kidato cha nne, na Fizikia, Kemia na Biolojia zipo, walau kwa D.* Njia yako ni Stashahada ya Utabibu, miaka mitatu. Ukimaliza ukiwa na wastani wa B, au GPA isiyopungua 3.0, unaweza kuomba udaktari. Hapa pana tanzi linalowanasa wengi: pamoja na stashahada hiyo, mwongozo umekuwa ukidai angalau D ya kidato cha nne katika Hisabati, Fizikia, Kemia, Biolojia na Kiingereza. Chuo cha utabibu kinaweza kukupokea bila Hisabati, ukasoma miaka mitatu, ukafaulu vizuri, kisha F ya Hisabati uliyoipata ukiwa na miaka 17 ikakuzuia mlangoni. Kama una pengo hilo, rudia somo hilo kwanza kama mtahiniwa wa kujitegemea. Mtihani wa kidato cha nne hufanyika Novemba, kwa hiyo unaweza kuliziba pengo ukiwa bado kazini.

Wazee wa hospitali wanaweza kukushauri upitie kozi ya Daktari Msaidizi, iliyowatoa matabibu wengi waliokuja kufanya upasuaji katika hospitali za wilaya. Walioisoma waliibeba nchi hii kwa muda mrefu, lakini mafunzo hayo yamesitishwa. Usipange safari yako kwa kuitegemea.

Hesabu ya miaka

Shahada ya Udaktari ni miaka mitano, na baada yake mwaka mmoja wa utarajali hospitalini. Mwaka huo ni wa kila mhitimu. Kuwa muuguzi kwa miaka mingi hakukuondolei. Kwa hiyo:

– Mwenye PCB ya kutosha: miaka 6.
– Anayefanya kidato cha sita kwa kujitegemea: kama miaka 2 ya maandalizi, kisha 6, jumla 8.
– Anayepitia utabibu: 3, kisha 6, jumla 9, kama hakuna mwaka unaopotea katikati.

Muuguzi mwenye miaka 27 anayeanza utabibu mwaka huu atakuwa daktari kamili akiwa na miaka 36. Iandike hesabu yako kwenye karatasi na uitazame bila kujidanganya. Miaka hiyo itapita hata usiposoma. Swali ni kama wewe na familia yako mnaweza kuibeba kwa namna hii.

Umri wenyewe haujamzuia mtu mwenye nia na mpango. Cicely Saunders alikuwa muuguzi huko London wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Maumivu ya mgongo yalimtoa kwenye uuguzi, akawa ofisa wa ustawi wa jamii hospitalini, na huko akaguswa na mateso ya wagonjwa wanaokaribia kufa. Daktari mmoja wa upasuaji alimwambia kwamba kama anataka kubadili hali hiyo, akasomee udaktari. Alianza akiwa na miaka 33, akahitimu mwaka 1957, na mwaka 1967 akafungua Hospisi ya St Christopher, iliyobadili namna dunia inavyotibu maumivu ya wagonjwa mahututi. Alichokiona akiwa muuguzi ndicho alichokwenda kukifanyia kazi akiwa daktari. Nawe jiulize: ni tatizo gani la wodi yako unalotaka kwenda kulitatua?

Usiandike barua ya kuacha kazi

Kama wewe ni mtumishi wa umma, ajira yako ni mali. Tanzania ya leo ina madaktari waliohitimu wanaosubiri ajira, na tangazo la nafasi za kada za afya likitoka, waombaji ni wengi kuliko nafasi. Anayerudi kwenye kituo chake na kubadilishwa kada ana nafuu kubwa kuliko anayeanza upya kutafuta kazi.

Mtumishi aliyethibitishwa kazini anaweza kuomba ruhusa ya masomo, na anayekwenda kwa ruhusa rasmi huendelea kulipwa mshahara. Ombi lako lazima lipite ngazi zake: muuguzi mfawidhi, mganga mfawidhi, kisha mwajiri. Ukiwa chini ya Halmashauri ya Mji au ya Wilaya ya Babati, mwajiri ni Mkurugenzi Mtendaji. Ukiwa Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, fuata utaratibu wa utumishi wa hospitali hiyo. Mambo manne yatakusaidia:

1. Nenda kwa Afisa Utumishi mapema ukaulize kama jina lako linaweza kuingizwa kwenye mpango wa mafunzo wa mwaka wa fedha ujao. Anayekuja na barua ya udahili mkononi wiki moja kabla ya chuo kufunguliwa humweka mwajiri mahali pagumu.
2. Jenga hoja ya kituo. Eleza upungufu wa madaktari mahali ulipo, na sema kwamba utarudi. Mwajiri anapoteza muuguzi kwa miaka, basi mwoneshe atakachopata.
3. Usiondoke kabla ya kupata kibali cha maandishi. Kuondoka kwa ahadi ya mdomo kunaweza kuhesabiwa kuwa utoro kazini.
4. Fahamu kwamba ukihitimu hubadilishwi kada siku hiyo hiyo. Inahitaji nafasi kwenye ikama na kibali cha Ofisi ya Rais inayoshughulikia Utumishi wa Umma. Tunza nakala ya kila barua tangu siku ya kwanza.

Aliyeajiriwa na hospitali ya kanisa, kama Dareda au Haydom, aulize kwa uongozi kama taasisi hufadhili masomo kwa mkataba wa kurudi kufanya kazi. Soma mkataba huo kwa makini: miaka mingapi utatumikia, na utalipa nini ukiondoka kabla ya muda.

Fedha

Gharama kubwa si ada peke yake. Kuna chumba, chakula, vitabu, nauli na, kwa wengi, nyumba iliyobaki Babati ikihitaji kula. Vyuo vya umma vina ada nafuu kuliko vya binafsi kwa mbali, hivyo anza kwa kuviomba hivyo.

Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, HESLB, hukopesha wanafunzi wa udaktari, na tangu mwaka wa masomo 2023/24 imeanza pia kukopesha wa stashahada katika fani za kipaumbele, afya ikiwamo. Lakini miongozo ya miaka ya karibuni imekuwa na masharti yanayomgusa muuguzi moja kwa moja: umri usiozidi miaka 35, kutokuwa na ajira rasmi inayokulipa, na kuwa umehitimu kidato cha sita au stashahada ndani ya miaka mitano iliyopita. Tafsiri yake kwako ni hii. Ukiwa na mshahara wa serikali, usiuhesabu mkopo kwenye bajeti yako. Mshahara ndio mfadhili wako. Ukiwa huna ajira na ulimaliza kidato cha sita zamani, stashahada mpya ya utabibu inaweza kukurudisha ndani ya ile miaka mitano. Na ukikopa, kumbuka marejesho ni asilimia 15 ya mshahara wa msingi kila mwezi mpaka deni liishe.

Kabla ya kuondoka, malizia mikopo ya benki. Mshahara wenye makato makubwa hauwezi kulisha nyumba mbili. Kama una shamba Magugu au kiwanja mjini, kaa na mwenza wako mpange matumizi yake ya miaka yote, siyo ya muhula wa kwanza tu.

Chuo gani?

Kutoka Babati, vyuo viwili vya udaktari vinafikika kwa siku moja bila taabu: KCMC mjini Moshi, kwa kupitia Arusha, na Chuo Kikuu cha Dodoma, kwa barabara ya lami ya Kondoa yenye kilomita 251, iliyozinduliwa mwaka 2018. Kwa mzazi mwenye watoto wadogo, kuweza kurudi nyumbani mwisho wa juma si jambo dogo. Muhimbili na Kairuki Dar es Salaam, Bugando Mwanza na St Francis Ifakara ni chaguo halali, ila ongeza umbali kwenye hesabu zako.

Kwa utabibu, maombi hupita kwenye mfumo wa pamoja wa Baraza la Taifa la Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi, NACTVET. Hakikisha chuo kimesajiliwa na kozi yenyewe imeidhinishwa, kwa kutazama orodha ya Baraza hilo na siyo bango la barabarani. Ukishawishiwa kwenda nje ya nchi kwa chuo kinachopokea stashahada ya uuguzi kwa udaktari, simama kwanza. TCU hutoa hati ya kutokuwa na pingamizi kwa wanaokwenda kusoma nje, na ndiyo inayotathmini shahada yako ukirudi. Pata jibu la TCU na la Baraza la Madaktari kwa maandishi kabla ya kulipa hata shilingi moja.

Kusoma ukiwa Babati

Kwa anayefanya kidato cha sita kwa kujitegemea: mtihani hufanyika Mei, na usajili hufungwa miezi mingi kabla, kwa hiyo fuatilia tarehe za NECTA mwaka mzima kabla ya mtihani. Tafuta kituo chenye maabara, kwa sababu Fizikia, Kemia na Biolojia zina mtihani wa vitendo, na hakuna kitabu kitakachokufundisha kupima ujazo wa tindikali kwa macho. Ongea na mwalimu wa sayansi wa sekondari iliyo karibu nawe, ukubaliane naye saa za kukusaidia jioni au wikendi.

Biolojia itakuwa rafiki yako, kwani umeiishi. Kemia itakurudia taratibu. Fizikia ndiyo itakayokula muda wako, basi ipe saa zako bora: asubuhi ya siku ya mapumziko, siyo alfajiri baada ya zamu ya usiku. Zungumza na anayepanga rosta. Kubadilishana zamu na wenzako kwa haki, ukiwalipa siku zao bila kukumbushwa, kutakupa muda ambao pesa hainunui.

Ukishaingia chuoni

Miaka miwili ya mwanzo ni anatomia, fiziolojia, baiokemia na mengineyo. Hapo utakaa na vijana waliotoka kidato cha sita juzi, na watakuacha kwenye kukariri. Usikate tamaa. Ukifika wodini, mambo hugeuka: wewe tayari unajua kuweka kanula, kusoma faili, kumtambua mtoto anayezidiwa kabla mashine haijasema, na kumpa ndugu taarifa ngumu kwa utu.

Lakini uzoefu huo una hatari yake. Muuguzi mzoefu hujua kwamba mgonjwa wa aina hii huandikiwa dawa ile, na hilo humfanya aruke hatua. Daktari anatakiwa aorodheshe magonjwa yote yanayoweza kuleta dalili hizo, ayapime moja baada ya jingine, na aeleze kwa nini ameliacha hili na kulishika lile. Kila unapojua jibu haraka, jilazimishe kutaja mengine matatu na sababu za kuyakataa. Hilo ndilo zoezi litakalokutoa kwenye fikra za kutekeleza na kukuingiza kwenye fikra za kuamua.

Leseni yako ya uuguzi usiiache ife. Ihuishe kwa wakati. Inaweza kukupatia zamu za muda wakati wa likizo, pale chuo na mwajiri wanaporuhusu, na ni kinga yako kama masomo yatakatika.

Kama hesabu zimekataa

Huenda vyeti, umri au familia vimekuonesha kwamba udaktari hautawezekana, au gharama yake imezidi. Hilo halikufungi kwenye kituo kimoja. Mwenye stashahada anaweza kusoma Shahada ya Uuguzi na kupanda kutoka Afisa Muuguzi Msaidizi hadi Afisa Muuguzi. Baada ya hapo kuna uzamili, ukunga na uuguzi wa wagonjwa mahututi vikiwamo. Kuna utoaji wa dawa ya usingizi, kazi ambayo wauguzi wengi wameisomea na ambayo bila yake chumba cha upasuaji hakifunguliwi. Kuna ualimu katika vyuo vya uuguzi. Mama anayejifungua salama Mbulu kwa mikono ya mkunga bingwa hajapata huduma ya daraja la pili.

Anza hivi

1. Wiki hii: toa vyeti, jua uko katika hali ipi kati ya zile tatu, na pakua kitabu cha mwongozo cha TCU cha mwaka huu. Masharti hubadilika, hivyo yasome upya kila mwaka mpaka utakapodahiliwa.
2. Mwezi huu: kaa na mwenza wako au wazazi, weka mezani miaka, fedha na malezi ya watoto. Msikubaliane kwa ujumla. Kubalianeni nani atafanya nini.
3. Ndani ya miezi mitatu: onana na Afisa Utumishi. Ziba pengo la Hisabati au Kiingereza kwa kujisajili NECTA kama unalo.
4. Mwaka wa kwanza: soma, lipa madeni, omba chuo ukiwa na sifa kamili. Omba zaidi ya kimoja.
5. Ukidahiliwa: pata kibali cha maandishi, kisha ndipo ufungashe.

Na mtafute daktari mmoja mkoani aliyeanzia uuguzi au utabibu, umwombe nusu saa. Muulize kilichomgharimu, siyo alichopata tu. Kama baada ya majibu yake bado unataka kwenda, nenda, na ukihitimu urudi Manyara. Wodi zetu zinamhitaji daktari anayejua kwamba dawa aliyoiandika saa nane usiku kuna mtu atakayeitafuta, ataichanganya na kukaa na mgonjwa mpaka kukuche.